Subira Wakati wa Kufungiwa: Kutoka Amwas hadi Kampala



Ndugu wazazi na wapenzi wanafunzi, watoto tunaowasomesha leo walikuwa wadogo sana mwaka 2020, misikiti ya Uganda ilipofungwa milango. Ukiwauliza wanakumbuka nini, watakutajia barakoa na sabuni mlangoni, na baba kusalisha tarawehe sebuleni huku amekishika kitabu. Zaidi ya hapo hawajui, na kosa si lao, kwani hatujawasimulia. Tumeonelea tuandike kidogo, hasa kwa sababu ya neno moja lililotumika mno siku zile, nalo ni subira. Lilitajwa redioni, likatajwa na masheikh, likatajwa hata na askari waliokuwa na fimbo mkononi. Kila mmoja alilitumia kwa maana yake.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639 Miladia, tauni ilizuka Amwas katika ardhi ya Palestina ikaenea Sham. Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa safarini kutoka Madina kwenda huko, na alipofika Sargh akapokewa na makamanda wake na habari ya maradhi. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, akawaita Ansari, wakahitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakasema kwa kauli moja arudi na watu wake. Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa mfano wa mchunga ngamia aliyekuta bonde lina pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari ya Allah. Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.) akasema amemsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na akikataza kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akageuza msafara.

Abu Ubayda alibaki na watu wake akafa huko. Aliyeshika nafasi yake, Muadh bin Jabal (r.a.), naye akafa. Kisha uongozi ukamfikia Amr bin al-As (r.a.), akawaamuru watu wapande milimani na watawanyike, mpaka maradhi yakaondoka. Wanahistoria wetu wanataja kiasi cha watu 25,000 waliokufa.

Kisa hiki kilisomwa sana mwaka 2020, na haki yake kusomwa. Lakini mwaka ule ule wa 18 Hijria ulikuwa na msiba wa pili ambao hatukusikia ukitajwa sana, nao ni Mwaka wa Ramada, ukame ulipoikausha Hijazi na mabedui wakamiminika Madina kutafuta chakula. Umar aliandika kwa magavana wake wamletee msaada. Akachelewesha kukusanya zaka, na mkono wa mwizi aliyeiba kwa njaa haukukatwa. Yeye mwenyewe alijizuia nyama na samli mpaka watu washibe, na wapokezi wanasema alikula mafuta ya zeituni hadi rangi yake ikabadilika. Tunaona visa hivi viwili havifai kutenganishwa. Kiongozi yule yule aliyesema watu wabaki mahali pao ndiye aliyehakikisha sufuria zao zina kitu.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa shule na nyumba za ibada, kabla hata mgonjwa wa kwanza wa korona hajathibitishwa nchini. Mgonjwa huyo alipatikana Machi 21, akitokea Dubai. Baada ya siku chache teksi za abiria zikasimamishwa, boda boda zikaruhusiwa kubeba mizigo tu, na mwisho wa mwezi magari ya binafsi nayo yakazuiwa na watu wakatakiwa kuwa ndani kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12:30 asubuhi. Watu waliiita "lokidauni", na jina hilo likabaki.

Majirani hawakufuata njia moja. Rwanda ilifunga karibu kila kitu kuanzia Machi 21 hadi Mei 4. Tanzania iliacha misikiti na makanisa wazi. Burundi ilifanya uchaguzi wake Mei 20 kama ulivyopangwa. Kenya ilizuia watu kutoka na kuingia Nairobi, Mombasa na kaunti nyingine chache, kisha tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, ikaufunga mtaa wa Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa, sehemu mbili ambazo kila mtu anajua ni za Waislamu wengi. Ndugu zetu wa Mombasa wana mengi ya kusimulia juu ya Idi ile, nasi tunawaachia wayasimulie wenyewe.

Kufungwa kwa msikiti kuliwauma wengi kuliko kufungwa kwa soko. Wapo waliouliza: iweje tuache Ijumaa kwa kuogopa maradhi? Jibu lilikuwapo katika vitabu vyetu kabla ya korona kujulikana. Ibn Abbas (r.a.) siku ya Ijumaa yenye mvua na matope alimwamuru mwadhini awaambie watu wasali majumbani mwao, akasema aliye bora kuliko yeye alifanya hivyo. Na Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni wa Misri aliyeandika kitabu kizima juu ya tauni baada ya maradhi hayo kumchukulia mabinti watatu, anaeleza kwamba mwaka wa 833 Hijria watu wa Cairo walifunga siku tatu kisha wakatoka kwa wingi jangwani kuomba dua. Kabla ya mkusanyiko ule waliokuwa wakifa hawakufika 40 kwa siku. Baadaye wakapita elfu moja. Ibn Hajar hakuwa mtu wa kudharau dua! Alikuwa anahesabu majeneza, na hesabu hiyo akaiandika.

Ramadhani ya 1441 ilituingia mwishoni mwa Aprili. Kampala jua huzama kiasi cha dakika 20 kabla ya saa 1, kwa hiyo mtu alikuwa na muda wa kunywa maji na kula tende, basi, amri imeanza. Futari za pamoja zikafa. Sahani iliyozoea kutoka jikoni kwetu kwenda kwa jirani wa mtaa wa pili ikaishia kwa jirani wa ukuta mmoja. Imamu wetu wa nyumbani alikuwa yeyote aliyehifadhi sura nyingi zaidi, na katika nyumba nyingi alikuwa mtoto wa madrasa. Tunawajua wazee waliojifunza suratul-Mulk kwa mjukuu wa miaka 11, na hilo tunaliandika kwa furaha. Idi ikaangukia Jumapili, Mei 24, tukaisali majumbani, bila uwanja na bila mkono wa kushikana.

Lakini subira ya mwenye sebule si ile ya mwenye chumba kimoja. Mwezi ule wa Aprili Rais alirekodiwa akifanya mazoezi ofisini pekupeku, akakimbia huku na huku na kupiga pushapu 30, ili watu waone kwamba mazoezi yanawezekana ndani. Watu walicheka kwa wema, maana mzee alikuwa na nguvu kweli. Ila kule kwenye mabanda, ambako watu sita wanalala chumba kimoja na choo ni cha kulipia, kukimbia huku na huku ni kumkanyaga mtu.

Fundi cherehani, mama muuza chapati, kijana wa boda boda, hawa hula jioni walichopata asubuhi. Siku ya tatu ya kukaa ndani walikuwa hawana kitu. Serikali ilianza kugawa chakula Aprili 4 kwa watu iliowalenga wapatao milioni 1.5 katika Kampala na Wakiso: kila mmoja kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage, pamoja na chumvi, na waliokuwa wagonjwa au wananyonyesha wakapewa maziwa ya unga na sukari. Alhamdulillah kwa kilichotolewa. Hata hivyo kilo 6 kwa mtu mzima hazimalizi mwezi, na nje ya wilaya hizo mbili njaa ilikuwa ile ile. Wanasiasa walikatazwa kugawa chakula wenyewe kwa hofu ya kukusanya watu, na mbunge mmoja akakamatwa kwa kosa hilo. Hofu ilikuwa na msingi. Pamoja na hayo, tajiri wa mtaa aliyekuwa na gunia la mchele akawa anauliza kama sadaka yake ni jinai, mpaka ikabidi itolewe kimya kimya, usiku, mlango kwa mlango. Labda ndivyo sadaka inavyopendeza zaidi.

Yako mambo ambayo hatutayaita subira. Mama mwenye uchungu wa kuzaa alitakiwa kupata kibali cha mkuu wa wilaya ndipo apande gari. Magazeti yaliripoti wanawake waliokufa, wao au watoto wao, kwa kukosa usafiri. Baadaye mwezi Aprili sharti hilo likaondolewa kwa wajawazito. Wachuuzi wa Nakasero na masoko mengine walilala sokoni chini ya vyandarua wiki baada ya wiki ili mji upate mboga. Na kule Malaba, madereva wa malori kutoka Mombasa, wengi wao wasomaji wa Kiswahili kama sisi, walikaa foleni ya makumi ya kilomita wakisubiri majibu ya vipimo, wakilala ndani ya lori, huku wenyeji wa kando ya barabara wakiogopa hata kuwauzia chai. Unga uliogawiwa, mafuta ya taa, dawa, vingi vilipita mikononi mwa watu hawa. Ni haki yao tuwakumbuke.

Je, ilisaidia? Kwa mwanzo tunasema ndiyo. Kifo cha kwanza cha korona Uganda kilitangazwa Julai 23, 2020, miezi minne tangu mgonjwa wa kwanza, wakati ambapo miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa imezika maelfu. Misikiti ilifunguliwa Septemba kwa watu wasiozidi 70. Kisha wimbi la katikati ya 2021 likaja kwa nguvu, oksijeni ikatafutwa mji mzima, na hesabu rasmi ya waliokufa mpaka mwisho ilipita 3,500. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Waliolipa kwa muda mrefu kuliko wote, kwa maoni yetu, hawakuwa watu wazima. Shule zilizofungwa Machi 2020 zilifunguliwa kwa watahiniwa peke yao mwezi Oktoba, zikaita madarasa mengine kidogo kidogo, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake muda mrefu hivyo. Wanafunzi zaidi ya milioni 10 waliguswa. Baa na masoko vilipata watetezi wa kuvisemea. Watoto waliambiwa wasubiri, wakasubiri. Masomo ya redioni yalimfaa mwenye redio na betri. Sisi walimu wa madrasa tulijaribu kutuma masomo kwa sauti kwenye simu za wazazi, na ilifanya kazi pale mzazi alipokuwa na bando na simu haikuwa sokoni na mwenyewe mchana kutwa. Wengine walichoma matofali. Wengine walivunja kokoto. Mabinti kadhaa waliolewa au wakapata mimba, na wazazi waliona haya kutuambia.

Januari ile wizara iliamua kila mtoto apandishwe darasa bila mtihani. Kwa hiyo aliyefunga kitabu akiwa na miaka 12 alirudi akiwa karibu 14, ndevu zinaanza, akaketishwa mbele ya hesabu za darasa ambalo hakulisoma. Madrasani tulianza upya kwa juzuu Amma, na wakubwa waliokuwa wamefika suratu Yasin waliona aibu kukaa safu moja na wadogo zao. Tukawapa kazi ya kusikiliza wadogo, ili wasome nao bila kujulikana kwamba wamesahau. Wengi walirudisha kila kitu kabla ya Ramadhani. Daftari la mahudhurio la Machi 2020 bado tunalo, lina majina 64. Waliorudi walikuwa 41.