Pepo za Matlai, si Pepo za Biashara

Bado vitabu vya jiografia vinatuletea "pepo za biashara", na watoto wanazikariri. Walioipitisha istilahi hii, tuwastahi kwa kutowataja, walifunua kamusi ya Kiingereza wakasahau kufungua dirisha. Sina haja ya kumweleza msomaji kwamba pepo hizi huvuma kutoka nyuzi 30 hivi, kaskazini na kusini, kuelekea ikweta. Wala kwamba hewa ikifika huko hupata joto, hupaa, huleta mvua, kisha hurudi kwa juu na kushuka ikiwa kavu, Sahara na Kalahari zikabaki na kiu. Edmond Halley alizichorea ramani mwaka 1686, na George Hadley akaeleza mwenendo wake mwaka 1735. Ugomvi wangu ni juu ya jina.

Waingereza huziita trade winds. Neno trade walilikopa kutoka Kijerumani cha pwani ya kaskazini, na maana yake ya kwanza ni njia, mkondo. Upepo wa namna hiyo ni ule ulioshika njia moja bila kuyumba. Maana ya kununua na kuuza ilizuka baadaye katika neno lilelile, na Waingereza wenyewe wakachanganyikiwa. Waarabu wa leo nao wamefuata mkumbo. Lakini Wafaransa husema alizés, Wajerumani Passat, na humo hamna duka wala mizani. Sisi tumelitafsiri kosa la watu, tukaligongea muhuri.

Kwetu kosa hili linapotosha zaidi. Mswahili akisikia pepo za biashara hukumbuka kaskazi, iliyoleta majahazi ya Maskati, Sur na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende na nguo. Na kusi, iliyoyarudisha yakiwa na boriti za mikoko. Hizo ni pepo za msimu, ambazo hugeuka kila mwaka, ilhali sifa ya hizi nyingine ni kutogeuka. Na msimu lenyewe ni mawsim ya Kiarabu, yaani wakati maalumu, ambalo Wareno walilifanya monção na Waingereza wakapata monsoon. Bahari yetu imewalisha wengine istilahi. Iweje sisi tuokote makombo?

Ninapendekeza, kama nilivyopendekeza vikaoni nikajibiwa kwa kikohozi, pepo za matlai. Matlai ni neno la pwani: upepo wa asubuhi utokao mashariki. Asili yake ni matla' ya Kiarabu, mahali au wakati wa kuchomoza, na kila aliyehifadhi Suratul Qadr analijua kutoka aya yake ya mwisho. Shina hilohilo ndilo lililotupa mtalaa. Wanaotunga mitalaa wangelijua hilo, huenda wangenisikiliza. Tena jina linasema kweli. Atlantiki, Pasifiki au kusini mwa Bahari ya Hindi, pepo hizi hutoka upande wa mashariki, kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki na hewa iendayo ikweta huachwa nyuma.

Msomi mmoja amedai matlai ni kipepo cha kupunga jasho, hakiwezi kubeba sayansi. Sijui alitaka istilahi izaliwe na ndevu. Mwingine amesema kusi yenyewe ni tawi la pepo hizi. Ni kweli: katikati ya mwaka matlai ya kusini huvuka ikweta, hupindishwa kulia, ikawa upepo wa msimu unaoinyeshea India. Hoja hiyo inanitetea mimi. Mwenye majina mawili anaweza kueleza jinsi upepo mmoja unavyogeuka kuwa mwingine. Aliyebaki na biashara ataishia kutaja bei.

Kuhusu matumizi: umoja ni upepo wa matlai, wingi ni pepo za matlai, matlai ya kaskazini ni zile za kaskazini-mashariki, na matlai ya kusini ni za kusini-mashariki. Basi.

Waandishi wa vitabu, walimu na watangazaji wa hali ya hewa, msisubiri kikao kijacho. Andikeni matlai, kamati itakuja kuidhinisha kile ambacho watu wameshakizoea, kama kawaida yake.