Herufi kubwa katika maneno ya elimu

Anayeomba nafasi katika chuo kikuu mjini London hujulikana kwanza kwa maandishi yake. Wengi hukuza herufi kwa kuiheshimu elimu, lakini kanuni ya Kiingereza hutazama jina: jina mahsusi huanza kwa herufi kubwa, neno la jumla kwa herufi ndogo.

Jomo Kenyatta alisomea anthropolojia katika London School of Economics miaka ya 1930. Hapo "School" ni sehemu ya jina. Ikitajwa shule yoyote tu, huandikwa "school". Somo lenyewe ni "anthropology", kwa herufi ndogo, sawa na "history". Lakini "English" na "Swahili", yakiwa majina ya lugha, hubaki na herufi kubwa. Shahada nazo hali kadhalika: "Master of Arts", lakini "a master's degree".