Baa na kumbi za starehe karibu na makazi: mlinde mtoto wako

Kaliua ni mji wa njia panda. Hapa Reli ya Kati inagawanyika: njia moja inaelekea Kigoma, nyingine Mpanda. Wasafiri hushuka, na msimu wa masoko ya tumbaku unapofika, baa, vilabu vya pombe za kienyeji na kumbi za disko hujaa. Biashara hizi ni riziki ya familia nyingi. Shida huanza zinapofunguliwa ukuta kwa ukuta na nyumba wanakolala watoto.

Mtoto anaathirikaje?

Usingizi ndio wa kwanza kuharibika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto walale, kwa siku nzima, muda ufuatao:

- Miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16
- Miaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14
- Miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13

Kelele za usiku hukatiza usingizi huo hata kama mtoto haamki kabisa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya ulipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60. Mtoto asiyelala vizuri huwa na hasira, husinzia darasani na hushindwa kushika masomo.

Hatari nyingine ni chupa zilizovunjika njiani, ugomvi, madereva waliolewa, na watu wazima wanaowarubuni wasichana kwa soda au pesa. Pia, mtoto anayeona ulevi kila siku huanza kuuona kuwa jambo la kawaida.

Sheria inasemaje?

- Mipango miji. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ardhi hupangiwa matumizi. Kiwanja cha makazi hakigeuzwi kuwa baa bila kibali cha kubadili matumizi.
- Leseni. Kuuza vileo kunahitaji leseni, nayo ina masharti, yakiwemo saa za kufungua na kufunga.
- Kelele. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zimeweka viwango. Vya usiku ni vikali kuliko vya mchana. Msimamizi mkuu ni NEMC.
- Watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18. Pia inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Ufanye nini baa ikikusumbua?

1. Zungumza kwanza na mwenye baa, mchana, akiwa hana wateja wengi. Nenda na majirani wawili watatu. Mara nyingi kugeuza spika au kupunguza sauti hutosha.
2. Andika kumbukumbu: tarehe, saa muziki ulipoanza na ulipozimwa, na jinsi watoto walivyoathirika.
3. Peleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kitongoji au kijiji, kisha kwa mtendaji. Mkutano mkuu wa kijiji ni mahali pako pa kusema. Usiwaachie wanaume peke yao.
4. Isipotatuliwa, andikeni barua ya pamoja kwa halmashauri ya wilaya, mkiwahusisha afisa biashara, afisa mipango miji na afisa afya. Kuhusu kelele, NEMC pia hupokea malalamiko.
5. Ukisikia baa mpya inakuja, sema mapema. Kuzuia kibali ni rahisi kuliko kuifunga baa iliyokwisha kujengwa.

Msiende kuvunja wala kupigana. Kukiwa na ukatili dhidi ya mtoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au piga 116, Simu ya Mtoto, bila malipo.

Wakati unasubiri

Mlaze mtoto chumba kilicho mbali zaidi na kelele, kwa saa ileile kila siku. Usimpe dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale, inaweza kumdhuru. Usimtie pamba masikioni. Usimtume kununua bia au sigara, hata mchana. Akiendelea kukosa usingizi, kulalamika masikio au kushtuka usiku, mpeleke kituo cha afya.

Kama wewe ndiye unayeuza pombe

Hulaumiwi kwa kutafuta riziki. Mpange bibi, shangazi au jirani unayemwamini akae na watoto jioni badala ya kuwalaza chini ya kaunta. Usimwajiri msichana wa chini ya miaka 18. Na usiku ukiwa mkubwa, punguza sauti: upande wa pili wa ukuta kuna mama mwenzako anayebembeleza mtoto.