Gari la zamani halivuti: kagua haya kabla ya kushusha injini

Gari lililokuwa likipanda mlima kwa gia ya tatu sasa linadai gia ya kwanza. Mzigo ni ule ule, barabara ni ile ile, dereva ni yule yule. Ukilipeleka gereji, huenda fundi akakujibu kwa maneno mawili tu: injini imechoka. Maneno hayo yanaweza kumeza fedha za mavuno ya msimu mzima, maana yake ni kushusha injini, kununua ringi, pistoni na gasketi, na kulilaza gari kwa siku nyingi bila kuingiza chochote.

Wakati mwingine fundi anasema kweli. Lakini nguvu ya gari hupotea pia kwa chujio lililojaa vumbi, kwa maji kwenye dizeli au kwa breki inayoshika. Ukianza na injini na tatizo likawa kwenye chujio, utalipa mara mbili.

Makala haya ni kwa wasikilizaji wetu wa Mvumi na vijiji vya jirani, ambako gari moja hubeba zabibu, karanga na alizeti, hupeleka abiria Dodoma mjini, na usiku huitwa kumkimbiza mgonjwa hospitali ya Mvumi Misheni. Tunazungumzia magari ya zamani: Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, Hilux za dizeli za 2L na 3L, Land Rover, na magari ya petroli yenye kabureta. Tutakwenda kwa mpangilio, kuanzia ukaguzi usiogharimu kitu hadi ule wa kulipia.

INJINI INATAKA NINI?

Injini yoyote inahitaji mambo matano: hewa ya kutosha, mafuta safi ya kutosha, mgandamizo mzuri ndani ya silinda, mlipuko unaotokea kwa wakati wake, na njia wazi ya kutolea moshi. Likipungua moja, nguvu inapungua. Na hata yote matano yakiwepo, nguvu lazima ifike kwenye matairi bila kuzuiwa njiani.

Jambo jingine la kujua ni mwinuko wa kwetu. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu hiyo peke yake. Kwa hiyo gari ulilonunua pwani likionekana zito kidogo huku, huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale gari lililozoea huku linapobadilika.

1. JE, NI INJINI KWELI?

Sikiliza kwanza. Ukikanyaga mafuta mlimani, injini inanguruma kwa kasi lakini gari haliongezi mwendo? Hiyo ni dalili ya klachi inayoteleza, na injini haina kosa. Kuhakikisha, weka gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi, vuta breki ya mkono kisawasawa, na hakikisha hakuna mtu mbele ya gari. Washa, ingiza gia ya nne, kisha achia klachi polepole. Injini inatakiwa izimike. Ikiendelea kuwaka, klachi imekwisha au haijarekebishwa vizuri. Usirudie jaribio hili mara nyingi, linachoma klachi.

Pili, breki. Endesha kilomita chache bila kutumia breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, breki ya hapo inashika. Unaweza pia kuinua tairi kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. Kagua na upepo wa matairi: tairi laini kwenye mchanga wa korongo linasaidia, lakini kwenye barabara linakula nguvu.

Tatu, pedeli ya mafuta. Injini ikiwa imezimwa, mwambie mtu akanyage pedeli hadi chini huku wewe ukiangalia mkono wa pampu au wa kabureta. Lazima ufike mwisho wake. Waya uliolegea, au kapeti lililokunjamana chini ya pedeli, hufanya gari lipate nusu tu ya mafuta.

2. HEWA: ADUI WETU NI VUMBI

Kuanzia Mei hadi Novemba barabara zetu ni vumbi tupu, na vumbi hilo huishia kwenye chujio la hewa. Lifungue na ulielekeze juani. Kama huoni mwanga ukipenya kwenye karatasi yake, injini inapumua kwa shida. Likung'ute taratibu, au lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Usilioshe chujio la karatasi kwa maji wala petroli. Likichanika au likiwa na mafuta, badilisha.

Magari mengi ya zamani yana chujio la bakuli la oili. Humo vumbi hugeuka tope. Mwaga oili chafu, safisha bakuli, weka oili mpya hadi alama na usizidishe.

Usikubali kamwe kuendesha gari bila chujio "ili lipumue vizuri". Vumbi la mchanga likiingia kwenye silinda linasaga ringi kama msasa, na hapo ndipo ovaholi ya kweli huanzia. Kagua pia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda injini. Ukiwa na ufa, vumbi linapita pembeni ya chujio hata kama chujio ni jipya.

Kama gari lako lina tabo, kama Land Rover za 200Tdi na 300Tdi, kagua mipira minene ya hewa yote. Mpira uliopasuka au kuchomoka hutoa sauti ya kupuliza unapokanyaga mafuta, nguvu inashuka ghafla na moshi mweusi unatoka.

3. MAFUTA: SAFI, YA KUTOSHA, BILA UPEPO

Dizeli iliyokaa kwenye madumu hubeba maji na uchafu. Chini ya chujio la dizeli, au kwenye kikombe chake cha kutenganisha maji, kuna kifungulio kidogo. Weka chupa nyeupe chini yake na ukifungue. Maji hukaa chini, dizeli juu. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu. Kama chujio limekaa muda mrefu, badilisha kabla ya kugusa pampu au nozeli.

Gari linaanza vizuri, kisha baada ya kilomita kadhaa linalegea, ukisimama kidogo linapata nafuu? Fungua kifuniko cha tenki wakati limelegea. Ukisikia upepo ukifyonzwa kuingia ndani na nguvu ikarudi, tundu la kupumulia la tenki limeziba. Kama sivyo, uchafu ndani ya tenki unaweza kuwa unaziba mdomo wa bomba la kufyonzea.

Kwa dizeli, upepo kwenye bomba la kufyonzea ni tatizo kubwa, na hauonekani kwa sababu mahali unapoingia si lazima pavuje. Fundi anaweza kufunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na pampu. Mapovu yakipita, upepo unaingia kutoka kwenye kiungo fulani cha nyuma.

Mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huleta unyonge, na huharibu pampu, kwa kuwa dizeli ndiyo inayoilainisha pampu hiyo ndani. Uchanganyaji huu ulienea nchini kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wachanganyaji. Nunua kituoni na udai risiti. Ukinunua kwa dumu barabarani, huna pa kulalamikia.

4. MOSHI UNASEMA NINI?

Mwambie mtu asimame mbali pembeni ya barabara aangalie moshi gari likipanda na mzigo. Simu inaweza kurekodi, nawe ukamwonyesha fundi.

Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Kagua chujio la hewa, mipira ya tabo, kisha nozeli.

Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto: dizeli haiungui vizuri, taimingi imechelewa, au maji yanaingia kwenye silinda. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua. Usifungue rejeta injini ikiwa ya moto, maji yake yanaunguza.

Moshi wa bluu: oili inaungua. Ni ringi, valvu au tabo.

Hakuna moshi, hakuna nguvu: mara nyingi mafuta hayafiki. Rudi hatua ya tatu.

Kagua pia bomba la moshi lenyewe. Bomba lililobondwa na jiwe linaweza kuonekana zima kwa nje kumbe limebana njia ndani.

5. SILINDA MOJA IMELALA?

Injini ikitetemeka na kumisi, huenda silinda moja haifanyi kazi. Kwenye petroli, toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wake. Kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu ni mafuta mengi. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni oili inayopanda. Nyeupe sana ni mafuta kidogo au joto kupita kiasi. Moja ikitofautiana na wenzake, umepata pa kuanzia. Kagua waya za plagi, kifuniko cha distribyuta na pointi kabla ya kununua koili mpya.

Kwenye dizeli ya zamani, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inawaka. Akilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Kazi hii ni ya fundi mwenye miwani ya kukinga macho. Dizeli yenye presha kubwa hupenya ngozi, na jeraha lake, hata likiwa dogo kama la sindano, ni la kukimbilia hospitali mara moja. Na isifanywe kabisa kwenye dizeli mpya kama za D-4D, ambazo presha yake ni kubwa mno.

6. KABLA YA KUKUBALI OVAHOLI

Kama hatua zote zimepita na gari bado halivuti, sasa ni wakati wa kuiuliza injini yenyewe. Ikiwa inawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi mzito unaotoka kwa mapigo ni dalili ya ringi zilizochoka. Lakini dalili haitoshi. Dai vipimo viwili.

Kwanza, tapeti zipimwe na kurekebishwa, na alama za taimingi zikaguliwe. Beliti iliyoruka jino moja inaweza kulegeza injini nzima.

Pili, kompresheni ipimwe kwa geji, silinda moja moja, na namba ziandikwe kwenye karatasi. Tafuta tofauti. Silinda zote zikikaribiana na zikiwa ndani ya kiwango cha kitabu cha injini hiyo, ringi si tatizo. Mbili zilizo jirani zikiwa chini, shuku gasketi ya hedi. Zote zikiwa chini sana, hapo fundi ana haki ya kusema injini imechoka. Kama gereji ya kijijini haina geji, nauli ya kupeleka gari Dodoma mjini kupimwa ni ndogo kuliko bei ya pistoni.

UKIENDA KWA FUNDI

Mweleze mambo haya: tatizo lilianza ghafla au polepole? Likiwa baridi au likiwa la moto? Mlimani tu au hata tambarare? Moshi wa rangi gani? Ni kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho kabla ya tatizo? Majibu hayo hupunguza kazi ya kubahatisha.

Kubalianeni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha kulijaribu gari kwenye mlima ule ule na mzigo ule ule. Akibadilisha vitano kwa siku moja, hamtajua kipi kilikuwa kibovu, na utakuwa umelipia vyote. Omba upewe vifaa vya zamani.

Wakati gari bado halijapona, punguza mzigo na usijaribu kulipita gari jingine. Gari lisilovuta huchukua muda mrefu upande wa pili wa barabara kuliko dereva anavyokadiria, na wanaolipa ni abiria waliokaa nyuma.