Mkataba wa Maji na Msamiati Wake: Uhusiano wa Kimataifa Utazamwapo kutoka Nyegezi

Nyegezi, kusini kidogo ya jiji la Mwanza, ina historia ya elimu iliyotangulia uhuru. Mwaka 1960 Kanisa Katoliki lilianzisha hapo kituo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki somo la uhusiano wa kimataifa, kwa desturi, huanzia Amani ya Westphalia ya mwaka 1648, tena kwa Kiingereza. Hilo si kosa. Lakini anayelisoma Nyegezi ana ziwa mlangoni, na ziwa hilo lina mikataba yake.

Wa kwanza ni ule wa Julai 1890, ambao kwao Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuligawa ziwa kwa kuufuata mstari wa nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Wa pili, uliofungwa kwa kubadilishana barua tarehe 7 Mei 1929, ndio wenye uzito zaidi. Uingereza iliiahidi Misri kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wake, Tanganyika ikiwamo, haitafanyika kazi yoyote juu ya Mto Nile au maziwa yanayoulisha, bila ridhaa ya Misri, ikiwa kazi hiyo ingepunguza maji yafikayo huko kwa namna ya kuidhuru. Neno mkataba lina shina moja na kitabu na katibu. Ni jambo lililoandikwa. Katika hili, watu wa Usukuma hawakuwa miongoni mwa walioandika.

Uhuru ulipokaribia, Julius Nyerere alikabiliwa na swali ambalo wanasheria huliita urithi wa madola. Mrithi wa kawaida, apokeapo shamba la marehemu, hudaiwa pia madeni yake. Je, taifa jipya nalo? Jibu lake, lililofikishwa Umoja wa Mataifa Desemba 1961, lilikuwa la tahadhari kuliko linavyosimuliwa mara nyingi: mikataba ya pande mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili, ili ichunguzwe na kujadiliwa upya, ambayo isingethibitishwa ingekoma, isipokuwa ile inayosimama kwa nguvu ya sheria ya mazoea ya kimataifa. Kwa mkataba wa Nile, hata hivyo, muda huo haukungojwa. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa 1929 hauifungi. Msimamo huo, uitwao hadi leo kwa jina la Nyerere, unasomwa katika vitivo vya sheria mbali sana na Mwanza.

Matunda yake yako karibu. Mradi wa maji uliozinduliwa mwaka 2009 huyachota ziwani Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyapeleka Shinyanga na Kahama.

Tarehe 14 Mei 2010, mjini Entebbe, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutia saini mkataba mpya wa bonde la Nile, ambao ulianza kutumika Oktoba 2024. Misri na Sudan hazikuutia saini, na mgogoro mkubwa ulikuwa juu ya kifungu kimoja. Nchi za juu ya mto zilikubali kutoathiri kwa kiasi kikubwa kile ambacho mkataba unakiita, kwa tafsiri ya neno kwa neno, usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka matumizi na haki zilizopo zitajwe waziwazi. Mwanafunzi akilitafsiri neno hilo hivyo, mvuvi wa Nyegezi ataelewa maji yasiyo na kipindupindu. Kinachogombewa ni kitu kingine: uhakika wa kuyapata, kiasi gani, na kwa idhini ya nani. Uhakika wa maji ungekuwa msamiati sahihi zaidi, lakini katika Kiswahili istilahi hizo mbili bado hazijatenganishwa.