Kindu na Ligi ya Taifa: Nani Analipa Tiketi ya Ndege?

Novemba 2024 AS Maniema Union iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kundi moja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini pamoja na Raja Casablanca na AS FAR za Moroko. Klabu hiyo ilikuwa imeanzishwa Kindu, mji wa Maniema mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mwaka 2005, kwa hiyo haikuwa imetimiza hata miaka ishirini. Mechi za nyumbani ilizichezea Kinshasa, takriban kilomita 1,200 kutoka kwao. Mshabiki wa Alunguli, sehemu ya Kindu iliyo ng'ambo ya mto, aliyezoea kuvuka Lualaba kwa mtumbwi kwenda kutazama timu yake, alibaki na redio na simu kama mtu wa nchi nyingine.

Ilimaliza mkiani mwa kundi, na hilo halikumshangaza mtu. La kushangaza ni kwamba ilifika pale. Historia ya ligi ya Congo ni historia ya watu wanaojaribu kupanga mashindano ya taifa katika nchi ambayo miji yake haifikiani, na kila mpango mpya umekuwa na mtu wa kuulipia. Mara nyingi mtu huyo ameishi mbali na Kinshasa na Lubumbashi.

Kindu ilikua kwa reli. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliundwa mwaka 1902 iunganishe sehemu za Lualaba zinazopitika kwa meli, na Kindu ikawa mwisho wa njia ya chuma itokayo kusini. Kuelekea kaskazini, meli zilishuka hadi Ubundu, kisha treni nyingine ikafika Kisangani. Mwaka 1956 Kabalo iliunganishwa na Kamina, na kwenye ramani mtu akaweza kupanda treni Kindu akashukia Lubumbashi. Leo treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, ikipatikana, safari hiyo huhesabiwa kwa siku na wakati mwingine kwa majuma. Barabara ya Bukavu kupitia Kalima na Shabunda inajulikana na kila dereva wa lori wa Maniema, na sifa zake hazifai kuandikwa katika jarida la heshima. Mpira ukichezwa Jumapili Kinshasa, timu ya Kindu itapanda ndege.

Ubingwa wa taifa unahesabiwa tangu mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru. Kwa miongo mingi haukuwa ligi kwa maana ya leo. Kila mji ulikuwa na entente yake, yaani chama cha mpira cha mji, mabingwa wa miji walikutana katika ligi ya jimbo, na mabingwa wa majimbo walikusanyika mahali pamoja kwa mashindano mafupi ya mwisho. Klabu ndogo ilicheza mwaka mzima karibu na kwao, na ikisafiri ilisafiri mara moja, kwa sababu imeshinda. Mpango huo ulikuwa na kasoro nyingi, lakini haukumfilisi mtu kabla ya Pasaka. Tena ulitoa mabingwa wa pembeni: Sanga Balende ya Mbuji-Mayi mwaka 1983, US Tshinkunku ya Kananga mwaka 1985.

Kindu yenyewe ilikuwa na mzigo wa ziada. Hadi mwaka 1988 Maniema ilikuwa sehemu ya Kivu, makao makuu yakiwa Bukavu. Kivu ilipogawanywa sehemu tatu, Kindu ikawa mji mkuu wa jimbo, ikapata gavana, ofisi, na ligi yake ya mpira. Historia ya Maniema Union haieleweki bila tarehe hiyo. Jimbo jipya lilihitaji jina lake lisikike redioni, na timu ya mpira ndiyo njia ya haraka ya kulifikisha huko.

Kisha likaja jambo lililoitwa maboresho. Linafoot, ligi ya taifa chini ya shirikisho la mpira, FECOFA, ikaanza kutafuta umbo la kisasa: mechi nyingi, televisheni, mdhamini. Katikati ya miaka ya 2010 vilabu viligawanywa katika kanda tatu, Magharibi, Kusini-Kati na Mashariki, na waliofanya vizuri walikutana katika duru ya mwisho. Vilabu vya Goma, Bukavu, Butembo na Kisangani, akina Dauphin Noir, Muungano, Nyuki na Nika, vilicheza na jirani. Lawama zilikuwa za kweli. Timu ya kanda dhaifu ilifika duru ya mwisho haijakutana na mtu wa kuikimbiza, ikala mabao, ikarudi kwao.

Msimu wa 2018-19 kanda zikafutwa. Timu 16, kundi moja la nchi nzima, nyumbani na ugenini. Wengi walifurahi, nao walikuwa na sababu, maana hivyo ndivyo ligi zinavyochezwa duniani. Lakini tufanye hesabu. Timu 16 ni mechi 30, na 15 kati yake ni za ugenini. Klabu ya Kinshasa yenye wapinzani watatu katika mji huohuo hucheza mechi tatu za “ugenini” kwa basi, bila kuvuka hata mto. Ya Lubumbashi ni vilevile. Klabu ya Kindu iliyo peke yake katika jimbo lake haina hata mechi moja ya namna hiyo. Wachezaji, makocha, daktari na mtunza vifaa, wote wanahitaji tiketi, hoteli na chakula, na ndege ikiahirishwa siku mbili bili ya hoteli haiahirishwi. TP Mazembe ya Moïse Katumbi ilifika hatua ya kuwa na ndege yake. Kanuni moja iliandikwa kwa wote, na gharama yake haikuwa moja.

Jirani zetu wa Tanzania nao walihangaika na idadi: Ligi Kuu ilikuwa na timu 20 msimu wa 2018-19, zikapunguzwa hadi 18, kisha 16 kuanzia 2021-22. Lakini Kagera Sugar, ilipokuwa katika ligi hiyo, iliweza kutoka Bukoba kwenda Dar es Salaam kwa basi. Safari ni ndefu na inachosha, ila inalipika. Kunakili kalenda ya nchi yenye lami katika nchi isiyo nayo ni kosa ambalo wakubwa wa mpira wetu wamelirudia mno.

Matokeo hayakuchelewa. Msimu wa 2019-20 ulikatwa na korona, huo tuusamehe. Ule wa 2022-23 ulivunjika kwa ukosefu wa fedha na vurugu za uongozi, ukafutwa bila bingwa, na mwaka huohuo wa 2023 FIFA ikaiweka FECOFA chini ya kamati ya muda. Ligi iliporudi ilirudi na makundi mawili na duru ya mwisho. Yaani tulizunguka tukarejea kwenye kanda, ila safari hii tukiwa na madeni.

Ni katika mpango huo wa makundi, 2023-24, ambapo Maniema Union ilimaliza ya pili nyuma ya Mazembe na kupata tiketi ya Afrika. Msimu wa 2025-26 ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho pamoja na Wydad, Azam na Nairobi United. Kuna watakaosema huu ni ushahidi kwamba mdogo akijitahidi anafika. Mimi naona ushahidi wa kitu kingine. Klabu hii imesimama kwa sababu ina wafadhili wenye uzito, na kwa sababu imekubali kuishi nusu ya maisha yake mbali na Kindu, uwanja wa nyumbani ukiwa haukidhi masharti ya CAF. Timu ya kawaida ya mtaa wa Kasuku au Mikelenge haina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Na tangu mwaka 2000 hakuna klabu ya nje ya Kinshasa na Lubumbashi iliyotwaa ubingwa wa Congo, iwe kwa kanda, kwa kundi moja au kwa makundi mawili. Hata taji jipya la Aigles du Congo, la 2024-25, lilibaki Kinshasa.

Mwaka 2025 vita viliongeza yake. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari, Bukavu Februari, na vilabu vya miji hiyo vikajikuta upande mwingine wa mstari wa mapigano. Majirani wa asili wa Kindu katika mpira wakawa hawafikiki.

Kwa hiyo FECOFA itakapoketi tena kuchora ligi upya, ombi la mtu wa Maniema ni dogo. Kabla ya kupiga kura juu ya idadi ya timu, iwekwe mezani karatasi moja yenye gharama ya safari za kila klabu kwa msimu mzima, na sehemu ya fedha za mdhamini igawanywe kwa kufuata karatasi hiyo. Na ligi ya jimbo, inayochezwa kwa mguu na kwa pikipiki, ipewe mipira, waamuzi na kalenda isiyokatika.