Maziwa ya Rufiji na Njia ya Ngarambe



Kila mwaka tunapokutana Dar es Salaam, kabla ya kufika kwenye ajenda ya michango, huibuka swali lilelile: hivi sisi tuna nini cha kumwonyesha mgeni? Wapo wanaotaja korosho na ufuta. Wapo wanaotaja tembo, hasa wale ambao mashamba yao yameliwa. Kamati imeniomba mwaka huu nijibu swali hilo kwa maandishi. Mimi kazi yangu ni hesabu za watu, si historia, lakini nimesoma nilichoweza kusoma, na jibu nililolipata ni fupi: tuna maji. Wageni wamekuwa wakiyafuata maji ya bonde letu kwa zaidi ya miaka mia moja, na wengi wao walipita mlangoni kwetu.

Nianze na maziwa yenyewe. Mtu akisema maziwa ya Tanzania, akili inakwenda Victoria, Tanganyika na Nyasa. Ya kwetu ni madogo, na asili yake ni tofauti. Mto Rufiji haukai mahali pamoja. Ukishatoka kwenye magenge na kuingia tambarare unajipinda, unameza kingo zake, unaacha njia ya zamani na kuchonga mpya. Ile njia iliyoachwa ndiyo ikawa Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizimia, maziwa yaliyo ndani ya hifadhi, upande wa Mloka na geti la Mtemere. Nje ya hifadhi yako ya wananchi, kama Ruwe, Zumbi, Utunge na Mtanza, ambako kazi ni ya nyavu na mitumbwi, perege na kambale. Yote haya yananyweshwa na mto. Masika mto ukifurika, maji hupanda na kuingia ziwani pamoja na samaki na rutuba. Kiangazi mto ukishuka, ziwa hubaki peke yake na akiba yake. Ni kama mshahara unaoingia mara moja kwa mwaka.

Hapo ndipo ilipo siri ya mapumziko ya wageni. Kuanzia Juni hadi Oktoba vidimbwi vya porini hukauka kimoja baada ya kingine, na kila mnyama anayetaka kuishi hana budi kuja ziwani. Mgeni hahitaji kuwafukuzia wanyama kwa gari kutwa nzima kama inavyofanyika kwingine. Anakaa, nao wanakuja. Tembo wanavuka wakiwa wameinua mikonga, viboko wamejazana kama magunia ghalani, na mamba wa Tagalala wana sifa yao wenyewe. Mivumo iliyokufa imesimama ndani ya maji bila vichwa, na juu yake furukombe analia. Twiga wako upande wa kaskazini wa mto tu. Kusini, upande wetu, hawapo, na mgeni akiambiwa hivyo hushangaa, kwa sababu alidhani mto ni mto tu.

La zaidi ni mashua. Katika mbuga nyingi za nchi hii mgeni hutazama wanyama kupitia dirisha la gari, vumbi likimjaa puani. Rufiji anapanda boti, anapita mtoni na kuingia ziwani kwa mkondo mwembamba, injini inazimwa, na anasikia kila kitu. Jioni keremkerem wanarudi kwenye matundu yao ukingoni. Karibu na Tagalala kuna chemchemi za maji moto ambamo watu huoga. Mtu wa mjini aliyechoka anataka nini zaidi? Waganda wana Bunyonyi yao, Wakenya wana Naivasha, na wote wanakula matunda yake. La kwetu si duni kwa yale. Limekosa wenyeji wa kulisemea.

Sasa turudi nyuma, maana maziwa haya yana historia kuliko picha za matangazo zinavyoonyesha.

Wageni wa kwanza wa Ngarambe hawakuja na kamera. Kabla ya Mjerumani tayari watu wa bonde walikuwa wakienda kwenye maporomoko ya Rufiji kwa mizimu ya Bokero kuomba mvua na rutuba. Mwaka 1904, kwa masimulizi ambayo wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyakusanya mwaka 1968 wazee walioshuhudia wakiwa bado hai, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipandwa na mzimu wa Hongo. Inasimuliwa kwamba aliingia ndani ya kidimbwi, ndugu zake wakamtafuta wasimwone, naye akatoka siku iliyofuata akiwa mkavu. Baada ya hapo wakaanza kuja. Wamatumbi, Wakichi, Wangindo, Warufiji, Wapogoro, na wengine kutoka mbali zaidi, kwa makundi, kwa miguu, wakilala njiani. Walikuja kuchukua maji yaliyochanganywa na nafaka, na kusikia kwamba watu wote ni wamoja na kwamba wafu wao hawajapotea. Pale palijengwa nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-Nungu, nyumba ya Mungu.

Naomba msomaji asinielewe vibaya. Silinganishi hija ile na likizo ya mtu wa Ulaya. Wale walikuja kwa sababu ya viboko vya maakida na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Lakini kwa anayepima mambo, kijiji kilichoweza kupokea maelfu ya watu bila barabara, bila simu na bila hoteli kilikuwa na mpangilio. Kulikuwa na wapishi, wapokeaji na walinzi. Leo tunaambiwa Ngarambe ni mbali mno kwa mgeni kufika.

Mwisho wa Julai 1905 watu wa Nandete, katika Umatumbi, waling'oa pamba, na vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita iliendelea hadi 1907. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, wengi kwa njaa baada ya mazao na maghala kuchomwa. Wanahistoria wetu wamepandisha idadi hiyo mara tatu na zaidi. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, na watoto wa shule nchi nzima wakalijua jina la mtu wetu. Kijiji chake hawakukijua sana.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu katika mada hii. Nchi iliyoachwa na watu ikashikwa na pori. Tayari tangu 1896 gavana Hermann von Wissmann alikuwa ameanza kutenga maeneo ya wanyama, na baada ya vita maeneo hayo yalikuwa na nafasi ya kutosha ya kukua. Katika miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ikahamisha watu wa upande wa Liwale kwa hoja ya malale, na pori likaongezwa tena hadi kuzidi kilomita za mraba 50,000. Kwa hiyo mgeni anapotazama Tagalala jioni na kusema hapa hapajaguswa na binadamu tangu uumbaji, anakosea. Palikuwa na moto wa jikoni na mitego ya samaki. Upweke anaoulipia una gharama ambayo haimo kwenye risiti yake.

Na jina? Januari 4, 1917, katika vita nyingine isiyo yetu, nahodha Mwingereza Frederick Courteney Selous, mwindaji maarufu wa tembo mwenye miaka 65, alipigwa risasi na askari wa Kijerumani pale Beho Beho, si mbali na Tagalala. Akazikwa hapohapo. Mwaka 1922 pori zima likapewa jina lake. Kaburi lake linatembelewa hadi leo, wageni wanavuliwa kofia na kusimuliwa habari zake. Haki yake, kaburi la mtu ni la kuheshimiwa. Lakini katika ratiba za safari nilizozipitia, na nimezipitia nyingi, sijaona hata moja inayomwambia mgeni huyo kwamba upande wa pili wa mto, kusini-mashariki, ndiko yalikotoka maji yaliyoitingisha dola ya Mjerumani.

Mwaka 1982 UNESCO iliiweka Selous katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2014, kwa sababu ya ujangili wa tembo, ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilomita za mraba 30,893. Maziwa yote matano niliyoyataja yamo humo. Hifadhi ya taifa ina sheria yake: hakuna kuwinda, hakuna kuvua kwa nyavu, hakuna makazi. Ni utalii wa kutazama peke yake, na hapo ndipo soko linapokwenda.

Njia nazo zimebadilika. Wenye umri wangu tunakikumbuka kivuko cha Ndundu, foleni ya malori, na kulala juu ya mizigo pantoni ikiharibika. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 likiwa na karibu kilomita moja, kusini ya mto ikaacha kuwa kisiwa. Halafu ikaja miaka ya 2016 na 2017, mauaji ya Kibiti, viongozi wa vijiji na askari wakauawa, na hata sisi wenyewe tuliogopa kwenda nyumbani kuzika. Mgeni gani angekuja? Tunashukuru hali ilitulia. Ila barabara ya Kibiti kwenda Mloka wengi wa watalii hawaijui; wanaruka juu yake kwa ndege ndogo kwa chini ya saa moja kutoka Dar es Salaam, na pesa yao inaruka pamoja nao.

Jambo linalonipa mashaka zaidi ni bwawa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mashine ya kwanza ikawasha umeme mwaka 2024. Uwezo wake ni megawati 2,115. Nchi ilihitaji umeme huo na mimi ni mmoja wa wanaoutumia. Lakini maziwa yetu yote yako chini ya bwawa, na nimeshaeleza kwamba yanaishi kwa mafuriko. Aprili 2024 maji yaliingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, yakabeba nyumba na mashamba, na ubishi ukawa mkali juu ya bwawa: limezidisha au limepunguza? Siingii katika ubishi huo. Nauliza la upande wa pili, ambalo halina kelele: ikitokea miaka mitano mfululizo mto usipande ukingo, nani atajaza Ruwe na Zumbi? Nani atajaza Tagalala? Mkulima wa mlao na mwenye hoteli ya kifahari wote wananywa kutoka kwenye furiko moja. Vijiji vya chini ya bwawa vinapaswa kuwa na kiti panapopangwa ratiba ya kufungulia maji, na kiti hicho hakiji kwa kukisubiri.

Hesabu sasa, maana ndiyo fani yangu. Ngarambe na Tapika tuliungana katika hifadhi ya jamii, MUNGATA, mpakani mwa lililokuwa pori la Selous. Kwa muda mrefu mapato yake yameegemea uwindaji wa kitalii. Kanuni za hifadhi za jamii zinasema kwamba katika kila shilingi 100 inayofika kwenye jumuiya, zisizopungua 50 ziende kwa vijiji, zisizopungua 25 ziendeshe jumuiya, na zisizopungua 15 zitunze rasilimali. Mgawanyo huo si mbaya. Tatizo ni chanzo kimoja. Mwindaji ni mteja mmoja mkubwa; akikosekana msimu mmoja, zahanati na madarasa yanangoja. Mgeni wa kutazama ni mdogo mdogo, ila ni wengi, na ananunua vingine: chakula, ukili, asali, usiku mmoja wa kulala, masimulizi.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu unaombwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kurekodi wazee. Waliomwona Kinjikitile wamekwisha; waliosikia kutoka kwao nao wanaondoka, na kila msiba tunaohudhuria tunazika kurasa. Tunahitaji kinasa sauti, nauli ya vijana wawili wa kuzunguka Ngarambe, Tapika na jirani zake, na nakala zikae shuleni, si kwenye kompyuta ya mtu mmoja Mbagala. La pili ni ada ya vijana wetu kusomea uongozaji watalii, wavulana kwa wasichana, kwa sharti kwamba warudi kufanya kazi bonde la Rufiji. Mgeni aliyekwisha kulala siku mbili ziwani akishuka kusini siku ya tatu, akute mtu wa kumpeleka kwenye maji ya Hongo, anayejua pa kuvua viatu na pa kunyamaza.

Atakayeahidi leo ajaze fomu iliyobanwa mwisho wa kijitabu. Atakayetoa taslimu apewe stakabadhi hapohapo. Akikosa, asiondoke mezani. Taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita iko ukurasa unaofuata, na wanaotaka kuona vocha zenyewe waniulize, nimekuja nazo.